John Allen: fundi wa reli ndogo asiyesahaulika

UKIWASIKIA watu wazima wakizungumza kwa huzuni kuhusu garimoshi linaloweza kutiwa mfukoni, huenda ukadhani wamerukwa na akili. Lakini, msomaji mpenzi, uraibu wa mtu si jambo la kuchekwa ovyo. Wapo wanaofuga njiwa, wapo wanaokusanya stempu, na huko Marekani wapo maelfu ambao jioni zao huishia katika chumba cha chini ya nyumba wakiunda reli ndogo: injini, mabehewa, stesheni, madaraja na milima. Watu hawa wakikutana hawakosi kumtaja hayati John Allen, ingawa imepita zaidi ya miaka 50 tangu afariki.

Allen alizaliwa mwaka 1913 katika mji wa Joplin, jimbo la Missouri. Kazi yake ilikuwa kupiga picha. Mwaka 1946 alihamia Monterey, mji wa pwani ya California, na huko ndiko alikoanza reli yake. Alijenga ya kwanza, akajenga ya pili, kisha mwaka 1953 akanunua nyumba na kuanza ya tatu chini yake. Hiyo ya tatu ilimkalisha kazini karibu miaka 20. Alitumia kipimo kiitwacho HO, yaani kila kitu hupunguzwa mara 87. Behewa la mita 12 hutoshea katika sentimita 14 hivi.

Aliipa jina la Gorre & Daphetid. Limeandikwa kama majina ya miji miwili ya heshima, lakini ukilitamka haraka kwa Kiingereza linasikika kama “aliyelowa damu na kushindwa”. Ndivyo alivyokuwa bwana huyo. Mzaha wake ulikuwa wa chini kwa chini.

Siku hizo mtu akinunua behewa dogo dukani alilitunza lisipate hata doa. Liling’aa kama sufuria za bibi harusi. Allen aliitazama reli halisi akaona vingine: injini za makaa hujaa masizi, mapaa ya mabati huingia kutu, mbao za daraja hupauka kwa jua na mvua. Basi akashika brashi akachafua. Alipaka kutu pale ambapo maji yangechuruzika, akapaka masizi pale ambapo moshi ungepita, na maghala yake yakakaa kama yanayongoja upepo mmoja tu yaanguke. Leo kuzeesha vitu vipya namna hiyo ni kazi ya kawaida kwa waraibu hawa. Wakati ule ilikuwa sawa na kulimwagia tope gari lililotoka dukani asubuhi hiyo hiyo.

Sidhani kwamba angesikika mbali kama asingekuwa na kamera. Alijua kulibana tundu la lenzi likawa dogo mno, hata vya karibu na vya mbali vikaonekana sawasawa, na msomaji wa jarida la Model Railroader akabaki kujiuliza kama anatazama meza au bonde la kweli. Kampuni ya Varney, iliyouza vifaa vya reli ndogo, ilizitumia picha zake katika matangazo. Hivyo watu ambao hawakuwahi kufika Monterey waliijua reli hiyo kama mtu ajuavyo njia ya kwao.

Waliobahatika kufika walikuta milima inayoanzia sakafuni na kupanda hadi karibu na dari, na vioo vilivyofichwa kwa ujanja ili mahali padogo paonekane pana. Jioni marafiki walikusanyika kuiendesha, kila mmoja na kazi yake. Garimoshi halikuzunguka tu kama ngamia wa kinu. Lilikuwa na mzigo wa kupeleka na mahali pa kuushusha, na mabehewa yalipaswa kupangwa yasizibiane njia. Waliosimulia baadaye walizikumbuka jioni hizo kuliko hata milima yenyewe.

Kisha alikuwapo Emma. Huyu alikuwa mnyama wa kale, dinosau aina ya stegosauri mwenye mabamba mgongoni, aliyepewa namba 13 na kazi ya kuvuta mabehewa stesheni kama injini! Wapo waraibu wa siku hizi, wale wanaonakili reli halisi hadi msumari wa mwisho, ambao husema Allen alijenga hekaya tu, na kwamba hakuna mhandisi ambaye angepitisha njia kwenye magenge kama yale. Huenda ni kweli. Lakini hao hao huichafua reli yao kwa brashi.

Januari 6, 1973 Allen alifariki kwa ugonjwa wa moyo akiwa na umri wa miaka 59. Reli ilikuwa imekaribia kukamilika. Siku kumi hivi baada ya kifo chake, hita iliyokuwa imewashwa kukipasha chumba joto ilileta moto, na sehemu kubwa ya reli ile ikateketea. Marafiki waliokuwa bado matangani wakajikuta na msiba wa pili. Plasta, mbao na waya vingeweza kununuliwa tena, lakini ni nani angejua alikusudia kuweka nini pale alipobakiza?

Picha zilibaki. Linn Westcott, aliyepata kuwa mhariri wa Model Railroader, alizikusanya pamoja na maelezo, na kitabu kikatoka mwaka 1981 baada ya Westcott naye kufariki.

Ulibaki pia mchezo uitwao Timesaver ambao Allen aliueleza katika jarida hilo Novemba 1972, miezi miwili tu kabla ya kufa. Ni ubao mfupi wenye reli chache, injini moja na mabehewa ya kupeleka kila moja mahali pake kwa muda mfupi iwezekanavyo. Unaonekana rahisi, hadi ulizibe behewa unalolitaka kwa lile usilolitaka. Bado unaundwa na kushindaniwa hadi leo. Na ukiichungulia vizuri reli ya mraibu fulani, nyuma ya ghala au kando ya karakana, usishangae kumwona dinosau mdogo amesimama akingoja mabehewa.