Vinyago vya Kibushi na kijana wa Kipungani

Nilikwenda Kipungani kwa shughuli ya arusi, nikarudi na swali ambalo hadi hivi leo linanikeresha. Baada ya sala ya Alasiri tulikuwa tumeketi chini ya mwembe, wazee watano sita, na kando yetu akina mama wakisuka ukili kama ilivyo ada ya kijiji kile. Akaja kijana wa miaka ishirini hivi, mkono mmoja simu, mkono wa pili kikapu. Ndani ya kikapu mlikuwa na vinyago vitatu vya miyaa: mzee, fisi na punda. Alikuwa amevisogeza kidogo kidogo na kuvipiga picha moja moja, hata vikatembea. Sinema yenyewe ilikuwa ya nukta kumi tu: punda anampiga fisi teke. Watoto walicheka hadi wakaanguka mchangani.

Ami yake hakucheka. Alisema mbele yetu sote kwamba hizo ni sanamu, na kwamba mwenye kuzifanya ataambiwa Siku ya Kiyama azitie roho. Kijana akanigeukia mimi. “Ami, wewe ni mtu wa kuandika. Sema neno.” Sikusema. Nilikunywa kahawa yangu nikaangalia maji. Leo nasema.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe, maana wengi wetu tunadhani katuni zote huzaliwa ndani ya mashine. Sinema hii hufanywa kwa mkono. Kinyago huwekwa, hupigwa picha. Huinuliwa mguu upana wa punje ya mchele, hupigwa picha nyingine. Sinema ya kawaida hupita picha 24 kwa kila nukta moja. Dakika moja basi ni picha 1,440, na hata fundi akiamua kurudia kila picha mara mbili ili apumue, bado atamsogeza kiumbe wake mara 720. Mama mmoja aliyekuwa akisikiliza alisema, “Kumbe ni ukili.” Sijasikia maelezo bora. Ukili nao hausukwi kwa haraka, na ukikosea unyaa mmoja, mkeka mzima utakusuta.

Sasa, kijana yule alidhani yuko peke yake duniani. Hayuko. Kongo imemtoa bwana mmoja ambaye watu wetu hawamjui kabisa, ilhali tunajua majina ya wachezaji mpira wa Ulaya hadi wale wa akiba. Huyu ni Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto. Alizaliwa mwaka 1957 huko Lubefu, pande za Sankuru, katika nchi ya Watetela, kabila lile lile la marehemu Patrice Lumumba. Alisoma katika chuo cha taifa cha sanaa mjini Kinshasa, kisha akapata ufundi wa kuchezesha picha kutoka kwa mafundi wa Kibelgiji wa karakana iitwayo Graphoui. Mwaka 1988 akaanzisha karakana yake mwenyewe, akaiita Malembe Maa, nayo ilikuwa karakana ya kuhama: vyombo hufungwa, hupelekwa waliko watu, vijana hufundishwa papo hapo, kisha safari huendelea.

Angalieni alipoanzia. Hakuanza na ndege za vita wala na mtu arukaye angani na joho jekundu. Sinema yake ya mwaka 1991, miongoni mwa za mwanzo kabisa za namna hii katika nchi ile iliyokuwa ikiitwa Zaire, ni ngano ya Kitetela ya chura anayekwenda kwa wakwe zake. Ukweni! Nani miongoni mwetu hajui shida ya ukweni? Bibi yangu alikuwa na ngano zake za ukweni za usiku mzima, na hakuna hata moja niliyoiona ikichezwa mahali.

Mwaka huo huo wa 1991, mwezi wa Septemba, askari wa Mobutu waliokosa mishahara waliasi mjini Kinshasa, na mji ukaporwa na askari na raia pamoja. Kibushi hakurudi kwenye vyura. Alichukua michoro ya watoto walioyaona mambo yale, akaichezesha, na mwaka 1992 akatoa sinema fupi aliyoiita kwa jina la Septemba hiyo nyeusi. Hapo ndipo mimi ninapomvulia kofia. Mtoto akichora bunduki, mkubwa husema ni mchezo. Bwana huyu aliichukua michoro ile kama ushahidi. Mwaka 1999 ikafuata “Muana Mboka”, jina la Kilingala ambalo Mswahili hahitaji mkalimani kwa nusu yake: ni mwana, mwana wa nchi. Ni kisa cha mtoto wa barabarani Kinshasa anayemwokoa waziri katika ajali ya gari. Mwaka 2004 akatoa “Prince Loseno”.

Nisije nikampamba kupita kiasi. Kibushi ameishi na kufanya kazi Ubelgiji, na fedha za sinema zake kwa sehemu kubwa zimetoka huko huko, katika nchi iliyoitawala Kongo hadi mwaka 1960. Sinema za aina hii huonekana zaidi katika maonyesho ya Ulaya kuliko Lubefu. Mwenyewe amejaribu kulitibu jambo hili kwa kuzirudisha sinema kwao kwa misafara, lakini dawa si kupona. Moustapha Alassane wa Niger, nchi ya Waislamu kama sisi, aliyezaliwa mwaka 1942 na kufariki mwaka 2015, alikuwa na mkasa wa jamaa hiyo. Alichezesha vyura tangu miaka ya sitini, akamcheka rais mzima kwa sura ya chura, na bado watu wengi wa Afrika hii yetu wameishi na kufa bila kuliona hata guu la chura huyo.

Je, tuache basi? Tazameni nini huwa tukiacha. Bibi mmoja wa Kijerumani, Lotte Reiniger, alikata maumbo ya karatasi nyeusi kwa mkasi, akayasogeza juu ya kioo chenye taa chini yake, na baada ya miaka mitatu ya kazi hiyo, mwaka 1926, akaonyesha mjini Berlin sinema ndefu ya Mwanamfalme Ahmed. Ndiyo ya zamani kuliko zote ndefu za aina hii zilizosalia. Visa vyake amevitoa katika Alfu Lela U Lela: mna Aladini, mna farasi arukaye, mna visiwa vya Wakwak, ambavyo baadhi ya wanajiografia wa Kiarabu waliviweka huku huku baharini kwetu. Ni kazi ya ajabu, wala sitaki kumnyima bibi yule haki yake. Lakini mchawi wa kisa, yule mwovu mwenye kucha ndefu, ni nani? Ni mchawi wa Kiafrika. Mwenye mkasi ndiye aliyeamua. Na sisi ambao bibi zetu walizisimulia hadithi hizo barazani, mkasi hatukuushika.

Nije kwenye dini, kwani ndilo jambo lililonifunga mdomo siku ile. Mimi si mufti. Chuoni nilihitimu Kurani na vitabu vichache, basi. Hadithi aliyoitaja ami wa kijana ni sahihi, na siwezi kuigeuza. Lakini kuna nyingine, imo katika kitabu cha Abu Daud. Mtume, sala na salamu zimfikie, alirudi safarini, upepo ukafunua pazia, akaviona vinyago vya Bibi Aisha, na katikati yao farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Akauliza, farasi ana mbawa? Bibi Aisha akajibu kwamba Nabii Suleimani alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume akacheka hadi magego yakaonekana. Wanavyuoni wengi kwa hadithi kama hizi wakaruhusu vinyago vya kuchezea watoto. Wengine wakakataa, wakasema hukumu hiyo ilifutwa. Khitilafu ipo na ni ya kale. Kadhalika mjini Kairo, kabla ya mwaka 1311 aliofariki, mshairi na tabibu wa macho Ibn Daniyal aliandika michezo ya vivuli vya maumbo yaliyokatwa, na Waislamu wakakaa wakatazama.

Kwa hivyo ami ana haki ya kuchukua kauli iliyo kali. Nisichoweza kukubali ni jambo jingine. Nyumbani kwake, nilipokwenda kunawa, televisheni ilikuwa ikichezesha katuni za Kimarekani, na wajukuu wanne wameikodolea macho. Hakuna aliyewaambia kitu. Basi sanamu ikitoka California ni burudani, ikitoka katika miyaa ya Kipungani ni moto wa Jahanamu? Kama ni haramu, na izimwe ile kwanza.

Watu wa Amu wameyaona mengi miaka hii. Gati la kwanza la bandari mpya limefunguliwa mwaka 2021, wavuvi wakaenda mahakamani kwa ajili ya bahari yao, na kila ajaye huja na kamera kutupiga picha sisi. Kijana anataka kupiga picha punda na fisi, na hakuomba hata shilingi.

Jumamosi narudi Kipungani, maji yakijaa. Nimebeba kipande cha kanzu kuukuu cha kumvika yule mzee wa miyaa, maana yu uchi kwa sasa na ami alilitaja hilo pia. Na ami mwenyewe nimemchukulia juzuu ya Abu Daud. Nimetia ukili kwenye ukurasa wa farasi.