Benki za Kenya na Tanzania: Tuzipime kwa Riba

Kwenye arusi na harambee zetu hapa Uingereza, ndugu wa Nairobi na wa Dar es Salaam hawachoki kubishana ni benki za nani zenye ufanisi zaidi. Wakenya huanza na M-Pesa ya 2007, kisha Equity, iliyotoka kuwa chama cha ujenzi mwaka 1984 ikawa miongoni mwa benki kubwa za ukanda wetu. Ni sifa za haki.

Tanzania ilianzia mbali. Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, benki zilitaifishwa na karibu kazi yote ikabebwa na Benki ya Taifa ya Biashara (NBC). Mashirika ya umma na vyama vya ushirika vilikopeshwa kwa maagizo, deni lirudi lisirudi. Sheria ya 1991 ikaruhusu benki binafsi, na mwaka 1997 NBC ikagawanywa, humo ikazaliwa benki ya NMB.

Sasa tazama mikopo chechefu, yaani sehemu ya mikopo yote isiyolipwa kwa wakati. Mwishoni mwa 2017 nchi zote mbili zilikuwa zimevuka asilimia 10. Kufikia mwisho wa 2024 Tanzania ilikuwa chini ya asilimia 5, kiwango kinachotakiwa na Benki Kuu yake, na Kenya ilikuwa imepita 16. Kenya, wakandarasi wengi walikopa wakaifanyia serikali kazi, malipo yakachelewa miaka, na benki zikabaki zinadai. Tanzania, Benki Kuu ilibana. Ila sehemu ya nafuu hiyo ni madeni yaliyofutwa vitabuni, na deni lililofutwa si deni lililolipwa.

Kwetu sisi, kipimo kikubwa ni riba. Mwishoni mwa 2024 wastani wake Kenya ulikaribia asilimia 17, Tanzania ulizidi 15. Mama mwenye duka katika soko la Gikomba, Nairobi, akikopa shilingi 500,000 kwa asilimia 17 na kulipa zote mwisho wa mwaka, riba peke yake ni 85,000. Simu imempunguzia safari ya benki. Mzigo wa deni uko palepale. Ufanisi wa namna hiyo unawanufaisha wenye hisa kwanza.

Kenya iliwahi kuweka ukomo wa riba kisheria, Septemba 2016 hadi Novemba 2019. Benki zikawakwepa wafanyabiashara wadogo, zikanunua hati fungani za serikali. Tanzania ilipita njia nyingine mwaka 2021: benki inayomkopesha mkulima kwa riba isiyozidi asilimia 10 ikapewa nafuu kwenye akiba inayolazimika kuiweka Benki Kuu. Tunaiona njia hii kuwa bora, na tungependa ifike hadi kwenye mikopo ya nyumba.

Wanachama mnaokopa kwa ajili ya kujenga nyumbani, tuleteeni masharti mliyopewa: riba, ada, muda, na jumla ya kulipa. Tutayapanga sambamba katika toleo lijalo, bila majina yenu.