Jina la Mti Si Pambo

Wako wataalamu walalamikao kwamba ukoo wa magnolia umevurugwa. Wasema Michelia ilikuwa jenasi kamili tangu Linnaeus alipoiandika mwaka 1753, na kuitia ndani ya Magnolia ni kuwatesa wanafunzi bure. Kipya kinyemi, watukebehi, ingawa kidonda.

Hoja hiyo haisimami. Mpaka wa zamani kati ya jenasi hizo mbili ulikuwa mahali pa ua: la Magnolia huchanua nchani mwa tawi, la Michelia kwapani mwa jani. Lakini mwaka 2000 Richard Figlar alionyesha kwamba ua la Michelia nalo lakaa nchani, ila nchani mwa kitawi kifupi mno kichipukacho kwapani. Na vitawi vya namna hiyo vimo hata katika baadhi ya magnolia zenyewe. Uchunguzi wa DNA ukatia muhuri: Magnolia denudata ya Uchina ina udugu wa karibu na Michelia kuliko na Magnolia grandiflora ya Marekani. Basi aitoaye Michelia nje amewatenga ndugu wa karibu. Ndiyo maana mwaka 2004 Figlar na Nooteboom walizikusanya jenasi hizo zote katika Magnolia moja, wakaiacha nje Liriodendron peke yake.

Wapo wapinzani wenye hoja nzito zaidi: Magnolia na igawanywe vipande vingi, kila kimoja kiwe na ndugu watupu. Jenasi nyingi ndizo zilizokubaliwa katika kitabu cha mimea ya Uchina cha mwaka 2008. Kwa mantiki njia hiyo yawezekana; lakini tazama matunda yake. Mti mmoja adimu wa Yunnan, uliotangazwa mwaka 1979 kwa jina Manglietiastrum sinicum, umepata kuitwa pia Magnolia sinica na Pachylarnax sinica. Iliyosalia porini ni michache mno. Orodha ya hifadhi ikitumia jina hili, na lebo ya bustani jina lile, atafutaye habari zake kwa jina moja hukosa yaliyoandikwa kwa jingine. Na mti ulio karibu kutoweka hauna muda wa kungoja tupatane.

Twasema wazi: jenasi na iwe moja, na tofauti zihifadhiwe katika seksheni zilizo chini yake. Hakuna elimu itakayopotea, na mlinzi wa msitu atajua aulinde mti gani. Aonaye vipande ni bora, na atuonyeshe neno moja ambalo seksheni haiwezi kulisema.