Chapa Isitudanganye



Mkoba wa ngozi wenye jina la mbunifu wa Ulaya huweza kuuzwa kwa bei ya ng'ombe kadhaa. Je, thamani hiyo imo katika ngozi au katika jina?

Julai 2025, mjini Paris, mkoba ambao kampuni ya Hermès ilimtengenezea Jane Birkin uliuzwa mnadani kwa yuro milioni 8.6, ingawa ulikuwa umechakaa na kukwaruzika. Aliyeununua hakununua ngozi, alinunua historia.

Sisi tusioweza kununua historia, tuikague kazi ya mikono. Tuufungue mkoba: mishono iwe imenyooka, zipu isikwame, vishikio viwe vimeshonwa, si kugundishwa tu. Tutazame ukingo uliokatwa: ngozi halisi huonyesha nyuzinyuzi zake, ya bandia ni kitambaa kilichopakwa plastiki, nacho hubambuka. Anayetoa akiba yake kwa jina la kughushi lililobandikwa juu ya plastiki amekosa vyote viwili, ngozi na jina.

Nasi wafugaji wa Mugoma na Ngara nzima tunalo la kujisahihisha. Chapa juu ya mkoba hupandisha bei. Chapa ya moto ubavuni mwa ng'ombe huishusha. Kupe na kisu cha mchunaji asiye makini humalizia uharibifu. Tuwapige chapa shavuni au mguuni, tuwaogeshe, tuwachune kwa uangalifu.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kibaya nacho chajiuza, kikishavikwa jina zuri. Tufumbue macho.