Swali Ndilo Lichague Njia ya Utafiti

Miongoni mwa mambo yanayodhoofisha uchunguzi wa kisayansi katika shule za sekondari, desturi ya kuchagua njia ya utafiti kabla ya kulitafakari swali lenyewe haina budi kutajwa mwanzo. Aghalabu mwanafunzi huandika hojaji ya maswali ishirini, akaigawa kwa watu walio karibu naye, akahesabu majibu, kisha akaanza kutafuta ni jambo gani majibu hayo yanaweza kuthibitisha. Huko ni kushona kanzu kabla ya kumpima mvaaji.

Mfano ulio wazi unapatikana Kijenge, katika jiji la Arusha, na katika vijiji vingi vinavyouzunguka mlima Meru. Miamba ya volkano ya mlima huo ina madini ya floridi kwa wingi, na maji yanayopenya ndani yake huyachukua. Ndiyo maana watu wengi waliokulia huko wana meno yenye madoa ya kahawia. Na pale ambapo floridi imezidi sana, hata mifupa hudhurika. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Tanzania, kwa uhaba wa vyanzo vingine, kwa miaka mingi ilivumilia hadi miligramu 8 katika maji ya vijijini.

Mwalimu wa Kijenge akiamua kulifanya jambo hili kuwa utafiti wa darasa lake, yafaa kwanza ayatenganishe maswali manne ambayo kwa mbali hufanana.

Swali la kwanza ni hili: wanafunzi wangapi wa shule wana madoa? Hili hujibiwa kwa uchunguzi wa wakati mmoja. Wanafunzi wachaguliwe kwa kura kutoka katika orodha ya shule nzima. Wakiitwa wanaojitolea tu, wenye madoa wanaoona haya kufungua vinywa watabaki nyuma, na hesabu itapungukiwa.

Swali la pili: je, madoa hayo yametokana na maji ya Kijenge? Hapa ndipo wengi hupotoka, kwani hupima maji ya bomba la leo na kuyalinganisha na meno ya leo. Lakini gamba gumu la meno ya kudumu hujengwa utotoni, kwa sehemu kubwa kabla ya umri wa miaka 8. Jino la mwanafunzi wa kidato cha tatu, basi, ni kumbukumbu ya maji aliyokunywa akiwa mtoto mdogo. Tena Kijenge ni mtaa wa mjini, wenye watu waliohamia kutoka sehemu nyingi. Mwanafunzi aliyelelewa Maji ya Chai, akahamia Kijenge akiwa na miaka 10, hawezi kuhesabiwa kuwa shahidi wa bomba la Kijenge.

Njia ifaayo ni kuwalinganisha wenye madoa na wasio nayo, na kuuliza juu ya kila mmoja aliishi wapi katika miaka yake ya mwanzo, alikunywa maji gani, na alikula nini. Chakula hakina budi kuingia, kwa sababu ya magadi yanayotiwa chunguni ili kulainisha maharage na makande. Uchunguzi uliofanywa Tanzania katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa mahali magadi yenye floridi yanapotumika, madoa huonekana hata kama maji yana floridi kidogo.

Haijuzu kuwanywesha watoto maji yenye floridi nyingi ili kuona kitakachotokea. Hata hivyo, historia mara nyingine hufanya jaribio ambalo binadamu haruhusiwi kulifanya. Mji wa Oakley, katika jimbo la Idaho, Marekani, uliacha chanzo chake cha maji mwaka 1925 na kuvuta maji mengine. Watoto waliokua baadaye wakaota meno yasiyo na madoa. Mtafiti aliyelifuatilia jambo hilo, daktari wa meno Frederick McKay, alikuwa hajajua bado kuwa kisababishi ni floridi. Kulinganisha waliotangulia na waliofuata kulitosha kumwonyesha kwamba kosa lilikuwa katika maji.

Swali la tatu: je, chujio la mkaa wa mifupa, ambalo kituo cha Ngurdoto chini ya mlima Meru kimelishughulikia kwa miaka mingi, huondoa floridi? Hapa jaribio ndilo hasa linalofaa. Maji ya chanzo kimoja yagawanywe mafungu mawili, moja lichujwe na jingine liachwe. Chupa zipewe nambari ili mpimaji asijue ipi ni ipi. Wala ndoo ya kwanza haitoshi, kwani mkaa huchoka. Upimaji urudiwe kadiri maji yanavyoendelea kupita.

Swali la nne: kwa nini familia inayoijua hatari haitumii chujio? Hili halijibiwi kwa chupa wala kwa kura. Linataka mazungumzo marefu na kaya chache, mpaka ijulikane kama kinachozuia ni bei, ladha, au shaka juu ya mifupa yenyewe.

Watakuwapo watakaosema kuwa shule haina vifaa wala muda, na kwa hiyo hojaji ndiyo njia pekee. Ukosefu huo ni wa kweli, lakini dawa yake ni kulipunguza swali. Floridi haina rangi katika maji. Anayeulizwa kama maji yake yanayo atatoa dhana yake tu, na dhana mia mbili zilizojumlishwa haziwi kipimo.

Wala hasara yake haiishii darasani. Mzazi akiambiwa kwa jina la sayansi kuwa bomba pekee ndilo lenye kosa, atajinyima anunue chujio, huku magadi yakiendelea kuingia chunguni. Meno ya mtoto yatakapotoka na madoa, mzazi huyo ataona kuwa sayansi imemdanganya. Kabla ya kuruhusu hojaji yoyote igawiwe, basi, kila mwalimu amtake mwanafunzi aandike swali lake kwa sentensi moja, na chini yake aeleze ni ushahidi gani ungeweza kumwonyesha kuwa amekosea.