Mhimili wa nne ni hesabu, si leseni

Haya, nimerudi. Wiki hizi nilizonyamaza sikuwa safarini. Nilikuwa hapa hapa Lucky Summer, nimejaa vumbi la mbao, nikibishana na mashine. Leo nataka kubishana na watu pia.

Wanaonisoma tangu zamani wanajua kazi yangu ni kuandika programu. Lakini nina pia mashine ndogo ya CNC ya mezani, yenye eneo la sentimita 60 kwa 40. Kwa asiyeijua: ni mota inayozungusha biti, na kompyuta inayoipeleka kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Hiyo ndiyo mihimili mitatu: X, Y na Z. Mhimili wa nne, unaoitwa A, haupeleki biti popote. Unazungusha mti wenyewe, kama mahindi ya kuchoma juu ya makaa.

Yote yalianza na jirani yangu, mzee anayetengeneza vitanda kando ya barabara. Ana mashine ya kukereza, ya zamani lakini nzima. Mteja alimletea picha ya kitanda chenye nguzo nne fupi, kila moja imechongwa maua yanayopanda kwa kuizunguka. Muuzaji mmoja akamwambia kazi hiyo haiwezekani bila mashine mpya ya mihimili minne, pamoja na programu ya CAM inayolipiwa kila mwaka. Mzee alikuwa tayari kuuza mashine yake ya kukereza na kukopa chamani ajazie.

Akaja na karatasi ya bei mkononi. "Kijana, wewe ndiye mtu wa kompyuta. Hii ni kweli?"

"Mzee," nikamwambia, "nipe siku mbili. Usiuze kitu."

Sasa tuelewane kuhusu CAM. Ni programu inayochukua mchoro na kuugeuza kuwa maagizo ya mashine: nenda hapa, shuka milimita 2, rudi pale. Maagizo hayo huitwa msimbo wa G, nayo ni maandishi ya kawaida tu. Unaweza kuyafungua na kuyasoma. Watu wengi hawajawahi kuyafungua, na hapo ndipo wanapouziwa uchawi.

Chukua leso. Ukiitandaza ni mstatili. Ukijifunga kiunoni inazunguka mwili, lakini maua yake ni yale yale, na umbali kati ya ua na ua ni ule ule. Nguzo ya mviringo ni hivyo hivyo. Ngozi yake ukiibandua na kuitandaza ni mstatili, na mstatili mashine ya mihimili mitatu inaujua vizuri.

Hesabu ni hii. Nguzo yenye kipenyo cha milimita 60 ina mzingo wa 60 mara 3.1416, yaani milimita 188.5. Nyuzi 360 ukizigawa kwa 188.5 unapata 1.91. Kwa hiyo kila milimita 1 ya Y kwenye mchoro wa bapa ni nyuzi 1.91 za kuzungusha mti. Basi. Mistari kama 30 ya Python inasoma msimbo, inabadilisha kila Y kuwa A, na kazi imekwisha.

Kuna njia rahisi zaidi, isiyohitaji hata Python. Mashine yangu inaendeshwa na Grbl, programu huria inayokaa ndani ya Arduino, na Grbl ya kawaida inajua mihimili mitatu tu. Nikaizima mashine kabisa (ukichomoa waya wa mota huku umeme upo, unaweza kuunguza kiendeshi chake). Kabla ya hapo nilikuwa nimeweka biti juu ya katikati ya mti na kufunga Y kwa jiliwa isisogee. Kisha nikachomoa waya wa mota ya Y na kuuchomeka kwenye mota inayozungusha mti.

Mota yangu hupiga hatua 3,200 kwa mzunguko, na gia ya 6 kwa 1 inazifanya 19,200. Gawa kwa mzingo wa 188.5, unapata hatua 101.86 kwa kila milimita ya uso wa mti. Namba hiyo nikaiandika kwenye mpangilio wa $101. Kuanzia hapo mashine inadhani inakwenda mbele na nyuma juu ya ubao, kumbe inazungusha nguzo. Mchoro wa bapa, CAM ya bure, maua ya duara.

Njia hii imenisaidia pia kuepuka kosa langu la kwanza. Jaribio la mwanzo nilitumia nyuzi, juu ya kijiti cha saiprasi cha milimita 20, kasi nikaandika 600. Nilidhani ni milimita 600 kwa dakika. Mhimili unaozunguka ukienda peke yake, kasi hiyo husomwa kama nyuzi kwa dakika, na kwa kipenyo hicho ni kama milimita 105 tu. Biti ikasugua mahali pamoja badala ya kukata, moshi ukajaa chumba, jirani akabisha mlango. Anayetumia nyuzi ajifunze agizo la G93, ambalo hupima kila mwendo kwa muda badala ya umbali.

Kwa nini nasisitiza hesabu badala ya kukwambia upakue programu fulani? Kwa sababu ya mwaka 2020. Wapenda CNC wengi duniani walikuwa wakitumia Fusion 360 ya Autodesk kwa leseni ya bure ya matumizi binafsi. Kuanzia tarehe 1 Oktoba mwaka huo kampuni ilipunguza kilichomo kwenye leseni hiyo, na mojawapo ya vilivyoondolewa ni mhimili wa nne. Siilaumu. Programu ni yao, na wahandisi wao wanakula. Lakini sisi wa Nairobi tunajua vizuri maana ya kujenga kwenye kiwanja kisicho chako. Siku mwenyewe akibadili mawazo, unabeba mabati.

Hesabu ya mzingo haina mwenyewe. Programu huria kama FreeCAD, iliyofikia toleo la 1.0 Novemba 2024, inakutosha kwa ile sehemu ya bapa. Kugeuza bapa kuwa duara unajua sasa.

Wala hili si jambo geni mjini kwetu. Numerical Machining Complex, kiwanda cha serikali kilichozaliwa mwaka 1994 kutokana na mradi wa gari la Nyayo Pioneer, kimebeba jambo lenyewe kwenye jina: kuchonga kwa nambari. Kilichobadilika ni kwamba nambari hizo sasa zinaingia katika chumba cha kupanga.

Nisikudanganye lakini. Ujanja huu una mpaka. Vipimo ni sahihi kwenye uso tu: ukichimba hadi kipenyo cha 40, milimita 1 ya mchoro inakuwa milimita 0.67 ya mti, kwa hiyo nakshi ya kina kirefu inabanika. Nguzo nyembamba juu na nene chini itavuta maua. Sanamu ya uso wa mtu au panga za feni zinataka CAM kamili, na kama kazi hizo ndizo zinazokulisha, lipa bila kinyongo. Stima ikipotea katikati, mashine inasahau mti ulikuwa umegeukia wapi, kwa hiyo piga alama ya penseli kwenye sifuri kabla ya kuanza.

Na jambo la mwisho, ambalo muuzaji hakumwambia mzee. Kuviringisha nguzo moja ya urefu wa milimita 400 kwa CNC, ukisogea milimita 1 kila mzunguko kwa kasi ya milimita 1,000 kwa dakika, ni dakika 75, tena kwa tabaka moja tu. Mzee na patasi yake hafiki robo ya muda huo, na uso wake unatoka laini kuliko wangu. Angeuza mashine inayofanya kazi vizuri ili anunue inayoifanya polepole.

Tulichofanya ni kugawana. Yeye alikereza nguzo nne za jakaranda, zote kipenyo cha 60, nami nikachonga maua. Ya kwanza niliiharibu kwa kusahau kukaza kichwa kinachoshika mti. Akakereza nyingine bila kusema neno, jambo lililonitia aibu kuliko kama angenikemea. Kitanda kimechukuliwa. Chama hakijakopesha mtu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiambiwa mhimili wa nne unahitaji mkopo, omba kwanza kalamu na kipimo cha kipenyo. Tuonane wiki ijayo, tokeni za stima zikiruhusu.