Mume Mjini, Mke Shambani

Tangu reli iliyotoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, wanaume wengi wa Kenya wamewaacha wake zao shambani na kwenda kutafuta kazi mbali. Si wote waliopenda. Kwa miaka mingi mshahara ulihesabiwa kumtosha mtu mmoja asiye na mke, na vyumba vingi vya kupangisha vilikuwa vya mtu huyo huyo. Mwaka 1954 ndipo kamati ya Carpenter iliposhauri kwamba ujira uwatoshe mume, mke na watoto.

Siku zile barua iliyofika kijijini mara nyingi ilisomwa na mwalimu au mtoto wa shule, kwa hiyo mume hakuthubutu kuandika ya moyoni. Lakini fedha zilichukuliwa na jamaa aliyepanda basi. Naye alipofika alipewa chai, akaulizwa kama bwana amekonda, na anakula wapi. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, fedha hufika kabla chai haijachemka, na ni msaada mkubwa. Lakini hazina mdomo. Mke husoma kiasi na salio, basi.

Ndivyo upendo upoavyo katika nyumba nyingi, bila ugomvi wowote. Karani asikiapo simu ya mkewe hupapasa mfuko kwanza: ni ada, au mbolea, au dawa ya ng'ombe.

Mume atakaye kuufufua upendo huo na aanze siku ambayo si mwisho wa mwezi, akiwa hana cha kutuma. Aulize kama ndama ananyonya. Mke atashtuka, "Kuna nini? Nani amekufa?" Asikate tamaa, apige tena juma lijalo, kisha anyamaze mke asimulie. Hapo ndipo penye ugumu, kwa maana watu waanzapo kusemezana huambiana hata yaliyofichwa: mke kwamba aliuza magunia mawili ya mahindi, mume kwamba alikopa akamsaidia ndugu yake kwa siri. Huenda simu zikanyamaza majuma mawili. Mume asitume fedha ili kununua msamaha, angoje. Kisha jioni moja simu italia, mke aulize deni limebaki kiasi gani, na likizo ya Desemba ni lini, kwa kuwa kitanda kimevunjika mguu na fundi ataka kujua kama kuna haraka.